Jicho Likizimika Ghafla: Kwa Nini Daktari Hupiga Kichwa Picha ya Sumaku

Wahenga walinena, hujafa hujaumbika. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi na nimeitumia katika insha si mara moja wala mbili. Lakini maana yake hasa niliielewa alfajiri moja ya likizo ya Desemba, nyanya yangu alipopoteza jicho la kulia kati ya kumkamua ng'ombe wa kwanza na wa pili.

Nyanya, ambaye nyumbani twamwita Kogo, anaishi upande wa Moiben. Siku hiyo mimi nilikuwa nimemshikia taa. Mara akaacha kukamua, akaniuliza mbona nimezima taa. Taa ilikuwa inawaka vizuri tu. Akafunika jicho la kushoto kwa kiganja, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, upande huu ni usiku."

Hakulia wala hakulalamika. Hakuwa na maumivu hata chembe. Jicho halikuwa jekundu, halikutoa machozi, na ukimtazama usoni ungesema ni mzima kabisa. Na hilo ndilo lililotuponza. Kwetu sisi ugonjwa unaoogopwa ni ule unaouma. Usiouma tunauambia ungoje tumalize kazi, na kazi ilikuwa tele kwa sababu tulikuwa tunapukuchua mahindi.

Jirani mmoja akasema huyo ni mtoto wa jicho, wazee wote humpata. Mwingine akasema ni vumbi la mahindi. Duka moja la dawa likatuuzia matone ya kutia jichoni. Siku tano zikapita hivyo hivyo. Siku ya sita mjomba alifika kutoka kazini, akasikia habari, akampandisha Kogo matatu hadi mjini Eldoret, na mimi nikafuatana nao.

Hospitalini daktari wa macho alimwangalia kwa kifaa chenye mwanga, akakaa kimya, kisha akasema, "Kogo, jicho hili limepata kiharusi." Akaandika karatasi kwamba apelekwe kupigwa picha ya MRI ya kichwa. Mjomba akashangaa. "Daktari, mgonjwa ni jicho, sasa kichwa kinapigwa picha cha nini?"

Swali hilo la mjomba ndilo lililonifanya niandike makala haya. Niliendelea kuliuliza kwa daktari, kwa mwalimu wetu wa fizikia na kwa mwalimu wa baiolojia, na jibu lake nadhani kila nyumba ingefaa kulijua.

Kwanza tuanze na jicho lenyewe. Nyuma kabisa ya jicho kuna utando uitwao retina. Unene wake ni kama robo ya milimita tu, lakini ndio unaopokea mwanga na kuugeuza kuwa ujumbe, kisha ujumbe huo husafiri kwa neva ya jicho hadi kwenye ubongo. Retina si ngozi ya kawaida. Mtoto anapoumbwa tumboni mwa mamake, retina huchomoza kutoka kwenye ubongo unaokua. Kwa hivyo retina ni kipande cha ubongo kilichotoka nje kuchungulia dunia.

Kazi hiyo yataka damu nyingi na bila kukatika. Tabaka za ndani za retina hulishwa na mshipa mmoja mwembamba, yaani ateri ya kati ya retina. Waliowahi kuteremka kutoka huku juu kwenda Bonde la Kerio wameona mifereji ya Wamarakwet. Mababu zao waliichimba karne nyingi zilizopita ili kuyateremsha maji ya mito ya mlimani mpaka mashambani kule chini kwenye joto. Sasa fikiria shamba lililo mwisho kabisa wa mfereji, ambalo halina njia nyingine ya maji. Jiwe moja likiziba mfereji huko juu, shamba hilo hukauka, hata kama mto wenyewe umejaa tele. Retina ni shamba hilo la mwisho.

Na mto wake ni upi? Weka vidole viwili shingoni kando ya koo, uhisi mapigo. Hiyo ni ateri ya karotidi. Inapanda kichwani na kutoa matawi mengi. Matawi makubwa huenda kwenye ubongo, na tawi moja dogo huenda kwenye jicho. Hapo swali la mjomba limeanza kupata jibu. Jicho na ubongo hunywa kutoka mfereji mmoja. Taka ikipita shingoni, hakuna askari wa kuiambia iende jichoni tu isiende kwenye ubongo.

Taka hiyo hutoka wapi? Mara nyingi hutoka kwenye kuta za karotidi zilizoganda mafuta kwa miaka mingi kwa sababu ya presha, kisukari au sigara. Kipande humeguka na kuchukuliwa na damu. Mara nyingine ni bonge la damu lililoganda ndani ya moyo unaopiga bila mpango, au moyo ambao vali zake ziliharibika. Hapa wanafunzi wenzangu msidhani ni mambo ya wazee peke yao. Vali za moyo huweza kuharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo huanza na maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Pia wenye ugonjwa wa selimundu, ambao si mgeni kwa wenzetu wa Nyanza na Magharibi, chembe zao za damu hujikunja kama mundu na kukwama kwenye mishipa midogo, ikiwemo ya jicho, hata wakiwa vijana.

Niongeze kwamba mfereji unaweza kuzibwa upande wa kutokea pia. Damu inaingia jichoni kwa ateri na kutoka kwa vena. Vena ikizibwa, damu hurudi nyuma na kufurika, ikavuja ndani ya retina. Mtu huyo pia huona vibaya ghafla bila maumivu. Ila katika makala haya nasema zaidi juu ya ateri, kwa sababu hiyo ndiyo yenye haraka kubwa na ndiyo iliyo ndugu wa kiharusi cha ubongo.

Sasa daktari hujuaje? Hapa nataka kuondoa kosa ambalo hata mimi nilikuwa nalo. Nilidhani MRI ndiyo ya kwanza. La hasha! Vifaa vya kwanza ni rahisi sana. Daktari humwambia mgonjwa asome herufi za ukutani, jicho moja baada ya jingine. Kisha huchukua tochi na kumulika mboni. Jicho zima likimulikwa, mboni husinyaa. Jicho lisilopata damu likimulikwa, mboni husita kwa sababu hakuna habari inayofika kwenye ubongo. Kisha huchungulia ndani kwa oftalmoskopu, kifaa ambacho Mjerumani Hermann von Helmholtz alikitangaza mwaka 1851. Miaka minane tu baadaye, mwaka 1859, daktari mwingine wa Ujerumani, Albrecht von Graefe, alieleza kuziba kwa ateri hii kwa mgonjwa wake. Kwa hivyo ugonjwa huu ulionekana kwa macho zaidi ya miaka mia moja kabla MRI haijazaliwa. Retina iliyokosa damu hupauka kama majivu, na katikati hubaki doa jekundu.

Ikiwa ni hivyo, MRI ni ya nini? Ni ya kuona kile ambacho oftalmoskopu haiwezi kukifikia, yaani mambo yaliyo nyuma ya jicho. Hapo ndipo fizikia inapoingia, na walioikimbia somo hili wavumilie kidogo.

Miili yetu zaidi ya nusu ni maji, na kila molekuli ya maji ina atomu mbili za haidrojeni. Katikati ya kila atomu hiyo kuna protoni, ambayo hujizungusha kama pia ya mtoto na kuwa sumaku ndogo sana. Kwa kawaida sumaku hizi huelekea kila upande, kama wanafunzi kabla ya kengele ya paredi. Mgonjwa akilazwa ndani ya mashine ya MRI, sumaku kubwa ya mashine huzipanga. Mashine nyingi za hospitali zina nguvu ya tesla 1.5, ambayo ni kama mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia inayogeuza dira. Kisha mashine hutuma mawimbi ya redio, protoni zikayumba. Mawimbi yakizimwa, protoni hurudi mahali pake na zenyewe hutoa mawimbi hafifu. Koili huyanasa, na kompyuta huyageuza kuwa picha. Hakuna eksirei ndani yake hata kidogo.

Ujuzi huu una historia. Mwaka 1973 Mmarekani Paul Lauterbur alichapisha njia ya kutengeneza picha kwa namna hii, na Mwingereza Peter Mansfield akaibuni njia ya kuzipata haraka. Mwaka 2003 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Lakini picha ya kawaida ya MRI haitoshi kumgundua mgonjwa wa kiharusi mapema. Kuna aina yake maalumu iliyoanza katika miaka ya 1980, ambayo hupima jinsi maji yanavyotembea ndani ya mwili. Nitaeleza kwa mfano wa shule. Wakati wa mapumziko wanafunzi huzurura uwanjani watakavyo. Mvua kubwa ikinyesha, wote hukimbilia madarasani na kubanana, hata kugeuka huwezi. Maji mwilini ni hivyo hivyo. Katika sehemu yenye afya, molekuli za maji huzurura kwa nafasi kati ya seli. Seli zikikosa damu hukosa oksijeni, na pampu zake za kutoa chumvi husimama. Chumvi na maji huingia ndani, seli zikavimba, na nafasi zilizo kati yake zikawa finyu. Maji hubanana. Mashine huliona hilo na kuonyesha sehemu hiyo ikiwa nyeupe inayong'aa, mara nyingi muda mfupi tu baada ya kiharusi kuanza, ilhali picha za kawaida bado zinasema mambo ni shwari.

Kwa njia hii hata retina iliyokosa damu inaweza kuonekana. Madaktari wameona katika wagonjwa kadhaa mstari mwembamba mweupe nyuma ya mboni ya jicho lililozimika. Lakini tusitie chumvi. Retina ni robo ya milimita, ilhali kila kipande cha picha ya MRI huwa na unene wa milimita kadhaa, na jicho lenyewe halitulii. Kwa hivyo mstari huo mara huonekana na mara hauonekani. MRI isipoonyesha kitu jichoni haina maana kwamba jicho ni zima. Anayesema jicho limezibwa ni daktari aliyechungulia ndani, na MRI humsaidia.

Msaada mkubwa wa MRI uko kwenye ubongo. Tafiti za wagonjwa waliozibwa ateri ya jicho zimeonyesha kwamba, wakipigwa picha hii mapema, karibu mmoja kati ya wanne, au hata zaidi, hukutwa na alama mpya za kiharusi kwenye ubongo. Wengi wao hawakuhisi lolote. Mkono haujalegea, mdomo haujapinda, na maneno yanatoka sawa. Mawe madogo yameshaingia kwenye mifereji ya ubongo, na huenda kubwa liko njiani. Ndiyo sababu mwaka 2021 Shirika la Moyo la Marekani lilitangaza kwamba kuzibwa kwa ateri ya kati ya retina ni aina ya kiharusi na mgonjwa ashughulikiwe kwa dharura vivyo hivyo.

Kogo alilazwa kwenye kitanda cha mashine kama nusu saa. Mashine ile inapiga kelele, bwana, utadhani mtu anagonga mabati! Alitiwa vizibo masikioni. Alipotoka alisema hajawahi kuona nyumba ya posho mill yenye baridi vile. Sisi tukacheka, lakini daktari alipoiweka picha kwenye kompyuta kicheko kiliisha. Kwenye ubongo kulikuwa na vidoa viwili vyeupe, vidogo kama punje za wimbi. Picha ya mishipa ya shingo ikaonyesha karotidi ya kulia imekuwa nyembamba. Presha yake ilikuwa juu, na hakuwa amepimwa hata mara moja maishani.

Jicho halikurudi. Daktari alituambia wazi kwamba tungekuja siku ile ile huenda kungekuwa na la kujaribu, ingawa asingetuahidi kitu. Majaribio yaliyofanywa kwa tumbili yalionyesha kwamba retina ikikosa damu kwa saa nne hivi, huharibika vibaya kabisa. Hata leo hakuna dawa iliyothibitishwa bila shaka kwamba itaurudisha uoni, lakini kila matibabu yanayojaribiwa yanahesabu saa. Sisi tulihesabu siku. Ila ubongo ulikuwa bado haujapotea. Akaanzishiwa vidonge vya aspirini, dawa ya presha na ya kupunguza mafuta ya damu, na anavimeza kila jioni. Tangu hapo hajaanguka, hajapooza, na ng'ombe wake bado anawakamua mwenyewe. Mjomba siku hizi ndiye anayewaeleza majirani kwa nini kichwa hupigwa picha jicho linapougua.

Kuna jambo moja la usalama ambalo sharti nilitaje, hasa kwa sababu wengi wetu tuna kaka na baba wanaofanya kazi ya jua kali, kuchomelea vyuma na kusaga kwa grainda. Sumaku ya MRI haizimwi mgonjwa akiingia. Funguo, sarafu na simu huachwa nje. Kipande kidogo cha chuma kilichoruka zamani na kubaki ndani ya jicho kinaweza kuvutwa na sumaku hiyo, kikalikata jicho kutoka ndani. Kwa hivyo fundi akiulizwa kama aliwahi kurukiwa na chuma, asione haya wala asidanganye kwa haraka ya kumaliza. Atapigwa eksirei kwanza. Vilevile mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo aseme mapema.

Je, mashine hizi tunazo? Sisi wa Eldoret tuna bahati. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyoanza mwaka 1917 kama hospitali ndogo na kupandishwa hadhi mwaka 1998, ina MRI na madaktari wa macho. Lakini mashine hizi ni ghali, ziko miji mikubwa, na si kila anayeishi mbali atafika. Wenzetu Waganda wametuonyesha njia. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, wataalamu wa hapo pamoja na wageni kutoka Uholanzi na Marekani waliunganisha kwa mikono yao mashine ndogo ya MRI yenye sumaku hafifu, ya tesla 0.05 hivi. Lengo lake ni watoto wenye maji kichwani, na haiwezi kuona kitu chembamba kama retina. Hata hivyo imethibitisha kwamba mashine ya namna hii inaweza kuundwa Afrika Mashariki. Nani ajuaye, labda atakayeunda ile ya jicho yuko hapa kidato cha kwanza akihangaika na sumaku za maabara!

Kabla sijaweka kalamu chini, naomba kila msomaji apeleke nyumbani mambo haya manne.

Kwanza, jicho likizimika ghafla, lote au nusu, bila maumivu, hiyo ni dharura. Usitie matone, usingoje asubuhi. Nenda hospitali yenye daktari wa macho saa ile ile.

Pili, pazia jeusi likishuka jichoni kisha likapanda lenyewe baada ya dakika chache, usishukuru ukalala. Hilo ni onyo kwamba jiwe limepita. Linalofuata huenda lisipite. Nenda hospitali hata kama sasa unaona vizuri.

Tatu, mwambie daktari saa kamili uoni ulipopotea. Sisi tuliulizwa hivyo, tukaanza kubishana kama ilikuwa Jumatatu au Jumanne.

Nne, wazee wetu wapimwe presha na sukari. Kupima presha ni dakika mbili tu na hata zahanati ya kijijini hufanya. Ajali ya Kogo haikuanza alfajiri ile zizini. Ilianza miaka mingi kabla, kimya kimya, na mkanda wa kupimia ungeiona.

Wenzangu, nyumbani sisi ndio tunaoitwa wasomi. Mzee akiugua tunaulizwa, "Nyinyi mlio shuleni mwasemaje?" Alfajiri ile niliulizwa, na mimi nikasema labda ni vumbi. Nilikuwa nimeshika taa, lakini sikujua la kumulika. Wewe uliyesoma makala haya ukiulizwa leo, tayari unalo jibu. Usiliweke mpaka siku ya sita.